Kwa nini wapige picha jicho lisiloumwa?

SWALI: Daktari, mama yangu, mwenye miaka 63, aliamka jicho la kushoto likiona ukungu. Hospitalini tuliambiwa mshipa mmoja umeziba nyuma ya jicho. Walipiga picha macho yote mawili, na sasa wanasema hata la kulia lina mabadiliko madogo, ilhali linaona vizuri. Je, ugonjwa unahamia huko?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hauhami. Ila macho yote mawili yanapokea damu ileile kwa presha ileile, na huenda jicho la kulia limeanza kuonyesha athari zake.

Kwenye retina, utando ulio nyuma ya jicho, ateri huleta damu na vena huiondoa. Zinapopishana, hubanana ndani ya ala moja. Presha ikikaa juu miaka mingi, ateri hukakamaa na kuigandamiza vena. Damu hukwama, huganda, kisha damu na majimaji huvujia kwenye retina. Kama presha ya mama imekuwa juu, ateri za jicho la kulia nazo zimeishi na hali hiyohiyo.

Kipimo cha picha kiitwacho OCT hutumia mwanga tu kuonyesha tabaka za retina. Aina yake mpya hufuatilia chembe za damu zinavyotembea na kuchora hata kapilari, yaani mishipa midogo kabisa, bila kuchoma sindano ya rangi mkononi. Kwa kipimo hicho, baadhi ya tafiti zimekuta kwamba jicho "zima" la wagonjwa kama mama lina kapilari chache kuliko la mtu asiye na ugonjwa huu. Haina maana kwamba nalo litaziba. Kwa wagonjwa wengi halizibi kamwe.

Linaloniuma ni kuona mgonjwa akichomwa sindano za jicho mwezi baada ya mwezi, na hakuna aliyempima presha. Sindano hupunguza uvimbe wa retina, presha haiigusi. Mama apimwe presha, sukari, mafuta kwenye damu, na presha ya jicho lenyewe, maana glaukoma nayo huchangia. Kama alishaandikiwa dawa za presha, asiziache kwa sababu anajisikia vizuri.

Nyumbani, afunike jicho la kushoto mara kwa mara atazame kalenda ukutani kwa la kulia peke yake. Akiona ukungu au doa jeusi la ghafla, mpelekeni kliniki ya macho siku hiyohiyo. Nanyi ombeni nakala za picha za sasa mzitunze, ili daktari atakayempima mwakani awe na cha kulinganisha.