SOMO LA IJUMAA: SALA YA MTU ALIYE MBALI NA DUNIA



Ndugu Waislamu, wazee, mama na vijana. Wanafunzi wa madrasa wanauliza: «Maalim, wanadamu wakienda kukaa sayari nyingine, watasali namna gani? Kibla ni wapi?» Swali hili si la mchezo.

Tarehe 10 Oktoba 2007, katika Ramadhani, daktari Mwislamu wa Malaysia, Sheikh Muszaphar Shukor, alirushwa kutoka Baikonur, Kazakhstan, mpaka kituo cha angani, karibu kilomita 400 juu yetu. Kituo hicho huizunguka dunia kwa dakika 90 hivi. Aliye ndani huona jua likichomoza na kuzama mara 16 kwa saa 24. Je, asali sala 80?

Wanachuoni wa nchi yake walijibu kabla hajaondoka:

1. Sala ni tano kwa kila saa 24, kwa saa za mahali alipoondokea.
2. Aelekee Al-Kaaba. Asipoweza, aelekee juu ya usawa wake. Asipoweza, aielekee dunia. Asipoweza, popote.
3. Huko mwili huelea. Asiyeweza kusimama akae, au alale, au aashirie kwa macho.
4. Saumu, yeye ni msafiri: ana ruhusa ya kuilipa baadaye.

Na Mirihi, sayari wanayoitamani sana? Safari yake ni miezi sita au zaidi. Hewa yake haivutiki, baridi ni kali, na mpaka leo hakuna kiumbe hai kilichoonekana huko. Siku yake ni saa 24 na dakika 39, sala tano zinaenea. Lakini ina miezi miwili midogo, na mmoja huizunguka kwa muda usiofika saa 8. Hilali ya Ramadhani itatazamwa ipi? Hapo wanachuoni wana kazi.

Ndugu yangu, angalia vizuri. Katika majibu yale yote hakuna waliposema sala imeondoka. Kilichoondolewa ni uzito. Basi wewe uliye ndani ya bwato kwenye Lualaba, kwa nini unasema «nitasali nikifika»? Huko juu maji hupimwa. Wewe una mto mzima wa kutawadha. Na wewe ambaye lori lako limekwama njiani, udongo safi wa kutayamamu uko kando yako.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kusimamisha sala, nyumbani na safarini. Amin.

Wabillahi tawfiq.