FUNGAMANO LA VIUNGO BAINA YA MWENYEJI NA SWICHI: SUALA LA ISTILAHI NA UTENDAJI

Ikisiri

Makala hii inachunguza istilahi zinazofaa kueleza namna kompyuta yenye kubeba mashine pepe inavyounganishwa na swichi ya mtandao kwa nyaya zaidi ya moja. Inadaiwa kwamba istilahi zinazojengwa juu ya dhana ya kujumlisha humpotosha mwanafunzi na fundi kuhusu utendaji wenyewe, na kwamba mzizi -fung- unatoa njia iliyo bora zaidi.

1.0 Utangulizi

Kazi kubwa ya kuunda istilahi za kompyuta katika Kiswahili imeelekezwa kwenye kioo cha mtumiaji. Programu ya Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 na mradi wa Kilinux, ilishughulika na faili, menyu na uchapishaji. Chumba cha seva, ambamo fundi hufanya kazi kwa mazungumzo ya Kiswahili na maneno ya Kiingereza yaliyochomekwa, hakijatazamwa kwa kiasi hicho. Hasara yake si ya lugha peke yake. Fundi aliyeelewa neno vibaya huweza kukata mawasiliano ya mashine zote kwa amri moja.

2.0 Jambo lenyewe

Mwenyeji ni kompyuta moja inayobeba mashine pepe kadhaa, nazo ni wageni wake. Jozi hii ya maneno haikuhitaji kubuniwa. Uhusiano wa mwenyeji na mgeni umo katika lugha tayari, pamoja na wajibu wa mwenyeji kuwapa wageni njia ya kutokea. Njia hiyo ni daraja, yaani swichi ya programu iliyomo ndani ya mwenyeji, nalo hupokea fremu za wageni na kuzipeleka kwenye kadi ya mtandao. Waya wa kadi hiyo ukikatika, wageni wote hukatikiwa kwa pamoja.

Kuongeza waya wa pili tu hakutoshi. Kadi mbili zikiingizwa katika daraja moja na kuelekezwa kwenye swichi moja bila utaratibu wowote, huzuka mzunguko: fremu za matangazo huenda na kurudi bila kikomo hadi mtandao ukwame. Ndiyo maana ikawekwa kanuni ya 802.3ad ya IEEE mwaka 2000, ambayo mwaka 2008 ilihamishiwa katika 802.1AX. Chini ya kanuni hiyo, viungo kadhaa huhesabiwa na pande zote mbili kuwa kiungo kimoja, na itifaki iitwayo LACP huendesha mapatano baina yao.

3.0 Kujumlisha au kufungamana?

Tafsiri inayomjia mtu kwanza ni "ujumlishaji wa viungo". Ni sahihi kikamusi, lakini ni mbaya kiutendaji. Anayejumlisha moja na moja hutarajia mbili. Hivyo mwanafunzi hutarajia kuwa viungo viwili vya gigabiti 1 vitanakili faili moja kubwa kwa kasi ya gigabiti 2. Havifanyi hivyo. Fremu za mtiririko mmoja hazina budi kufika kwa mpangilio wake, kwa hiyo zote hupitishwa kwenye kiungo kimoja. Kiungo hicho huchaguliwa kwa hesabu inayofanywa juu ya anwani za fremu: za MAC, za IP, au pamoja na namba za poti za programu. Faida ya kasi huonekana pale tu ambapo mitiririko ni mingi, kama ilivyo kwa mwenyeji wa wageni wengi.

Hapa pana jambo ambalo vitabu vya mafunzo hulipita haraka mno. Kila upande hujichagulia hesabu yake, na kanuni hailazimishi zifanane. Wageni kumi wanaotuma kupitia mwenyeji wana anwani kumi za MAC, basi fremu zao zitatawanyika. Lakini majibu yote yakitoka kwa ruta moja, nayo swichi ikitazama MAC ya mtumaji peke yake, majibu hayo yatarudi kwa kiungo kimoja huku cha pili kikikaa bure. Aliyefundishwa "ujumlishaji" atadhani kadi imeharibika.

Kitenzi "fungamana" hakina ahadi hiyo ya hesabu. Aidha, umbo lake linabeba maana inayohitajika: kiambishi -am- huonyesha hali ya kushikana na kudumu, na -an- huonyesha utendano. Utendano huo ndio kiini cha LACP. Upande ulio katika hali tendi hupiga hodi. Ulio katika hali ya kungoja huitikia tu. Pande zote mbili zikingoja, hakuna wa kupiga hodi na fungamano haliundwi. Hodi zenyewe hupigwa kila baada ya sekunde 30 katika mwendo wa polepole, au kila sekunde 1 katika mwendo wa haraka, na mwenzi huhesabiwa kuwa hayupo baada ya vipindi vitatu kupita kimya, yaani sekunde 90 au 3.

Yapo hata hivyo mafungamano yasiyo na mapatano, ambamo kila upande hulazimishwa kuamini kuwa mwenzake yuko tayari. Kwa haya "fungamano bubu" lingefaa. Tofauti hii si ya kinadharia: swichi pepe ya kawaida ya VMware haijui LACP, na hukubali fungamano bubu peke yake, tena kwa sharti kwamba hesabu iwe ya anwani za IP. LACP iliingizwa katika swichi pepe sambazwa ya kampuni hiyo kwa toleo la 5.1, mwaka 2012.

4.0 Neno "trunk"

Katika swichi za Cisco, neno hili hutaja poti inayobeba mitandao pepe mingi kwa lebo za 802.1Q. Katika swichi za HP ProCurve lilitaja fungamano la viungo. Mfasiri anayeliswahilisha kuwa "tranka" (ambalo kwa wengi ni sanduku la bati la mwanafunzi wa bweni) au kulipa kaliki ya "shina" atakuwa amehamisha utata wa Kiingereza ukiwa mzima. Istilahi mbili zinahitajika: "fungamano", na "poti ya mitandao mingi". Mara nyingi fundi huhitaji zote mbili mahali pamoja, kwani fungamano la mwenyeji kwa kawaida hubeba mitandao pepe ya wageni mbalimbali.

5.0 Istilahi katika matumizi

Mfano wa Linux unatosha. Kwenye swichi, poti mbili zenye kasi moja na mitandao pepe ileile huwekwa katika kundi moja kwa hali tendi. Kwenye mwenyeji, kadi mbili huvuliwa anwani zake za IP na kutiwa katika fungamano la namna ya nne; fungamano hutiwa katika daraja; na anwani ya IP hupewa daraja. Kazi hii haifai kufanywa kupitia waya uleule unaobadilishwa, kwa kuwa baadhi ya swichi husimamisha poti zisizopata jibu la LACP, na fundi akajifungia nje. Kibodi na kioo cha mwenyeji mwenyewe ndivyo vya kutegemewa.

Uthibitisho hupatikana katika faili /proc/net/bonding/bond0, ambamo huandikwa anwani ya MAC ya mwenzi. Ikiwa mahali hapo pana sufuri tupu, viungo vinaweza kuwa hai na taa za poti zikawaka, lakini hodi ya mwenyeji haijaitikiwa na mtu.