Nchi Inapotetemeka

Mjini Kolwezi hakuna mtoto asiyejua mshindo wa baruti. King'ora kinalia machimboni, watu wanangoja, kisha: buu! Vikombe vinagongana, vumbi linapanda juu ya shimo, na mama anaendelea kupepea makala ya mbabula yake kana kwamba hakuna lililotokea.

Lakini nchi ikitetemeka bila king'ora, hata mzee hushtuka. Huyu husema, "Ni migodi." Yule husema, "La, ni nchi yenyewe." Kila mmoja aweza kusema kweli, maana katika nchi ya shaba ardhi hutetemeka kwa sababu zaidi ya moja.

Chukua kijiti kikavu, ukishike ncha zote mbili, ukipinde polepole. Kwanza kinakubali. Pinda tena: bado kinakubali. Halafu ghafula, ka! kimevunjika, na vidole vyako vimesikia mtikisiko. (Lakini usijaribu kwa fimbo ya mwalimu!) Mwamba ulio chini yetu hufanya vivyo hivyo. Unasukumwa na kuvutwa miaka mingi, nao unavumilia. Siku moja unakatika, au unateleza mahali ulipopasuka tangu zamani, na mtikisiko unakimbia pande zote kama mawimbi ya maji yaliyotupiwa jiwe. Hilo ndilo tetemeko la nchi.

Nani basi anayeuvuta mwamba? Chini sana kuna joto kali, hata mwamba wa huko husogea polepole mno. Gamba la nchi lililo juu yake limegawanyika vipande vikubwa, navyo husogea pia. Upande wa mashariki wa Afrika unaachana na upande wa magharibi, milimita chache tu kwa mwaka. Kucha zako hukua upesi kuliko hivyo. Palipoachana pamezama, napo panaitwa Bonde la Ufa. Ziwa Tanganyika limo humo, na kina chake chapita meta 1,400.

Tarehe 5 Desemba 2005 mwamba ulikatika chini ya ziwa hilo. Nguvu ya tetemeko ilipimwa 6.8. Mjini Kalemie nyumba nyingi zilianguka, na hata watu wa Nairobi, mbali sana, walisikia mtikisiko. Tarehe 3 Februari 2008, siku ya Dominika, ikawa zamu ya Bukavu na ya jirani zake wa Rwanda. Huko Rusizi kanisa liliwaangukia watu waliokuwa wakisali.

Utasema: Kolwezi ni mbali na Tanganyika. Ni kweli. Lakini ufuate mto Lualaba. Unapita karibu na mji wetu, unateremka kwa nguvu katika magenge ya Nzilo, unafika Bukama, kisha unatulia na kutapakaa katika maziwa na mabwawa ya Upemba. Kwa nini maji yanatulia pale? Kwa sababu nchi imezama. Bonde lile pia ni tawi la Bonde la Ufa, na mwamba wake haujamaliza kusogea. Mto wetu wenyewe unatuonyesha njia ya matetemeko!

Sasa tutazame migodi. Baruti hutikisa ardhi kidogo, lakini hilo si tetemeko la nchi. Jambo jingine ni kubwa zaidi. Wachimbaji wakitoa mawe chini, huacha nguzo za mwamba zishike dari. Uzito wote uliobebwa na mwamba mzima sasa unazilemea nguzo hizo. Zikishindwa, mwamba hupasuka, na ardhi hutetemeka kweli. Mwezi wa Mei 2025 mitetemeko ilitokea katika mgodi wa Kakula, magharibi ya Kolwezi. Kazi ya chini ikasimama kwa muda, na maji yakajaa sehemu ya mgodi.

Utatambuaje basi? Baruti hutanguliwa na king'ora, nayo hupiga mara moja, kwisha. Tetemeko la nchi halitangazwi. Pengine huja na ngurumo kutoka chini, taa ikabembea, na kesho yake utasikia kwamba watu wa miji mingine wamelisikia vilevile.

Wataalamu wanaweza kuonyesha mahali penye hatari, lakini hakuna awezaye kutaja siku wala saa. Kwa hiyo jifunze mapema. Ukiwa darasani, ingia chini ya dawati, ushike mguu wake, uwe mbali na madirisha. Nyumba ya matofali mabichi huanguka upesi. Ikiwa mlango u karibu nawe, toka, uende mahali peupe. Ukiwa nje, jitenge na kuta, nyaya za umeme, na hasa kingo za mashimo ya zamani, maana hizo huporomoka hata nchi ikitikisika kidogo. Mtikisiko ukiisha, mbabula izimwe. Wala usikimbilie kurudi katika nyumba yenye nyufa mpya: tetemeko kubwa hufuatwa na madogo, na ukuta uliosimama mara ya kwanza waweza kuanguka mara ya pili.

Maswali: Kwa nini maji ya Lualaba yanatulia Upemba? Nguzo za mgodi zinabeba nini? Nyumbani kwenu, tetemeko likija usiku, utapita mlango gani, na ni kitu gani kinachoziba njia yake?