MOTOKAA IENDESHWAYO KWA MIKONO

Katika fizikia sote tulifundishwa habari za wenzo: egemeo, mzigo na jitihada. Mimi nililikariri somo lile, nikajibu maswali ya mtihani, kisha nikalisahau. Aliyenikumbusha si mwalimu, bali ni mjomba wangu, ambaye miguu yake haifanyi kazi. Nataka kuwaeleza jinsi alivyopata motokaa ya kumfaa akarudi kushika usukani, maana katika habari hiyo mna fizikia, mna sheria, na mna jambo moja lituhusulo sisi wa shule hii.

Mjomba ni mtu wa Tororo. Kwa miaka kumi na sita aliendesha malori kati ya Mombasa na Kampala. Mwaka 2019, usiku wa mvua, lori lake lilipinduka, naye akaumia uti wa mgongo. Alipona, na mikono yake ilibaki na nguvu zote, lakini tangu kitovuni kwenda chini hasikii kitu wala hawezi kusogeza kiungo. Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Akarudi nyumbani na kiti cha magurudumu.

Tangu hapo safari ikawa mateso. Ili apande gari la abiria ilimpasa abebwe mgongoni kama gunia, na kiti chake kikatozwa nauli ya mzigo. Nyanya yangu, mama yake, alipofariki kijijini, magari mawili yalikataa kumchukua. Alipofika, watu walikuwa wamekwisha zika. Baada ya siku ile alikaa miezi mingi hasemi ila maneno ya lazima.

Siku moja akaniambia, “Mpwa wangu, mikono yangu bado inaijua barabara.” Nami, nakiri, nilimjibu upesi kwamba motokaa ina pedali, na pedali ni kazi ya miguu. Hakunigombeza. Aliniagiza tu nikatafute habari.

Nilipotafuta nikaona haya. Franklin Roosevelt, aliyekuwa rais wa Marekani tangu 1933 hata alipofariki mwaka 1945, alipooza miguu mwaka 1921, akiwa na umri wa miaka 39. Hata hivyo alikuwa na motokaa za Ford zilizofungwa mitambo ya mkono, akaziendesha mwenyewe. Moja, ya mwaka 1936, imehifadhiwa huko Hyde Park alikozaliwa. Basi jambo nililoliona haliwezekani lilikuwa limekwisha tendeka kabla babu yangu hajazaliwa. Haya ndiyo tuliyojifunza, mjomba na mimi.

Kwanza, motokaa yenyewe. Yafaa iwe yenye gia zinazojibadili zenyewe, kwa kuwa klachi ni kazi ya mguu mwingine tena. Magari mengi yaliyotumika yaletwayo kutoka Japani ni ya namna hiyo. Kisha kiti cha dereva kiwe karibu sawa kwa kimo na kiti cha magurudumu, kwa sababu dereva huweka ubao laini katikati, akateleza juu yake kwa nguvu za mikono. Motokaa ndefu zipendwazo na wakubwa hazimfai. Mjomba aliuza kiwanja chake kimoja, akanunua motokaa ndogo yenye mlango mpana. Wako pia wasioweza kukihama kiti chao. Hao hutengenezewa gari kubwa lililoshushwa sakafu na kuwekwa ubao wa kupandia, wakaingia na kiti na kukifunga mbele ya usukani. Lakini gari la namna hiyo ni la fedha nyingi sana.

Pili, wenzo. Fundi hufunga mkono wa chuma chini ya usukani. Fimbo moja huenda kwenye pedali ya breki, na nyingine kwenye pedali ya mafuta. Dereva akiusukuma mkono mbele, breki hushika. Akiuvuta kwake, motokaa huongeza mwendo. Kwa nini breki iwe kusukuma? Kwa sababu mtu asukumaye huegemeza mgongo wake kitini, akapata nguvu. Tena motokaa ikisimama ghafula, mwili hutupwa mbele, na kutupwa huko huzidisha breki, si mafuta. Mkono wa pili hushika usukani peke yake, kwa hiyo huwekwa kirungu juu ya usukani ili uzunguke kwa urahisi. Pedali zenyewe haziondolewi, hata mwenye miguu aweza kuiendesha motokaa ile ile.

Wenzo wa kwanza wa fundi wetu ulikuwa mfupi. Kutoka egemeo hata kiganjani zilikuwa sentimita 20, na fimbo ya breki ilifungwa sentimita 10 kutoka egemeo. Nguvu ya mkono ikazidishwa mara mbili tu, na mjomba akachoka upesi. Fundi akaurefusha hata sentimita 30, ikawa mara tatu. Lakini wenzo hautoi kitu bure: tulichopata katika nguvu tulikilipa katika mwendo, maana sasa kiganja chasafiri mbali zaidi kabla breki haijashika.

Kuna jambo jingine la kuangalia. Breki za motokaa nyingi husaidiwa na injini inapozunguka. Injini ikizimika, msaada huo hubaki kwa kukanyaga mara moja au mbili tu, kisha breki huwa nzito mno. Mguu huenda ukaimudu. Mkono huenda ukashindwa. Basi wale wenye desturi ya kuzima injini mteremkoni ili kuokoa mafuta, mjomba awaambia wasimfundishe ujinga wao.

Tatu, mwili. Mguu uliopooza haukutii, lakini huweza kuruka wenyewe. Tulipokuwa tukijizoeza katika kiwanja cha mpira, mguu wake ulistuka ukateleza ukaingia chini ya pedali ya breki. Mjomba alisukuma wenzo, breki isishike. Mimi nilivuta breki ya mkono kwa mikono miwili, tukasimama hatua mbili kutoka mlingoti wa goli. Siku ya pili fundi aliweka bamba la kuzuia miguu isifike kwenye pedali. Kadhalika hufungwa mkanda kifuani, maana kiwiliwili kisichokaza huanguka upande penye kona. Na kwa kuwa hasikii maumivu, hukalia mto mzuri, na kila akipumzika hujiinua kwa mikono ili ngozi isifanye vidonda.

Nne, sheria. Mjomba alipimwa na daktari, akatahiniwa upya katika motokaa yake. Ofisini karani aliniuliza mimi, “Huyu anataka nini?” Mjomba akajibu kwa upole, “Bwana, huyu anasikia.” Yafaa mjue pia kwamba sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 imetaja vifaa vya walemavu, pamoja na motokaa moja, miongoni mwa vitu visivyotozwa ushuru wa forodha, mradi viwe vimetengenezwa mahususi kwa matumizi yao. Neno “mahususi” ndilo lenye uzito. Sisi tulilisoma tulipokwisha kununua. Mwenye kutaka kuagiza na aulize kwanza, anunue baadaye.

Mwanzo wa muhula huu mjomba alinileta shuleni mwenyewe. Askari wa lango alichungulia dirishani, akaona kiti cha magurudumu nyuma, akauliza, “Dereva yuko wapi?” Mjomba akacheka. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu nyanya azikwe.

Lakini siku ya wazazi alipofika mlangoni pa ukumbi wetu, alikuta ngazi tatu. Vijana wanne walikuja kumbeba. Aliwashukuru, akakataa. Akaniambia, “Nimejileta kutoka Tororo. Sitabebwa kwa hatua tatu.” Akakaa nje chini ya mwembe, na jina langu liliposomwa kwa zawadi, alilisikia kupitia dirishani.

Basi, wenzangu, nawaachia zoezi. Kila ngazi ya ukumbi ina kimo cha sentimita 15. Njia ya mteremko ifaayo kwa kiti cha magurudumu huenda mbele vipimo 12 kwa kila kipimo kimoja cha kupanda. Je, njia yetu iwe na urefu gani? Jibu ni mita 5 na sentimita 40. Mchanga tutabeba sisi wanafunzi. Ninyi wazee wa shule hii mlio na kazi, tunawaomba saruji.