SWICHI YA REDIO KATIKA NDEGE NDOGO

Sisi tukaao Ilala twaziona ndege kila siku, maana Uwanja wa Julius Nyerere umo katika wilaya yetu. Zile ndogo, kama Cessna Caravan yenye injini moja, huvuka kwenda Unguja kwa muda wa dakika 20 hivi. Shangazi yangu husafiri nazo mara kwa mara, nami kwa sababu hiyo nimesoma kwa bidii habari za umeme wake. Leo napenda kuwaeleza wenzangu jambo moja tu: swichi ya redio.

Ndani ya ndege mna redio ya kuongea na waongozaji, vyombo vya kuonyesha njia, na transponda, ambayo huijibu rada ili ndege ijulikane ilipo. Umeme hutoka katika betri au jenereta, hupita swichi kuu, kisha huingia katika ukanda wa shaba. Kutoka hapo kila chombo hupata waya wake, kama nyumbani kila chumba kipatavyo waya wake kutoka kwenye meni swichi. Lakini vyombo hivi vya mawasiliano vina ukanda wao peke yao, na mbele ya ukanda huo pana swichi nyingine. Ya nini?

Msomaji bila shaka ameona katika daladala kwamba dereva akipiga starta taa hufifia. Tufanye hesabu. Betri ya volti 24 ina ukinzani wa ndani wa omu 0.02. Starta ikivuta ampea 300, basi 300 × 0.02 ni volti 6 zilizopotea ndani ya betri, na zinazobaki ni 18 tu. Tena starta ikiachwa, usumaku wa koili zake huanguka ghafula na kuzaa volti nyingi kwa muda wa kufumba jicho. Vyombo hivi vya thamani haifai kupatwa na misukosuko hiyo. Kwa hiyo rubani huwasha injini kwanza, hungoja umeme utulie, ndipo afunguapo swichi ya redio. Akifika, huizima kabla ya kuzima injini.

Hata hivyo, hapa pana hatari. Ikiwa njia ni moja, swichi ile ikiharibika angani vyombo vyote huzimika pamoja. Kilichowekwa kuilinda redio chaweza kumfanya rubani kuwa bubu juu ya bahari. Ndiyo maana Caravan ina swichi mbili, kila moja na kundi lake la vyombo. Moja ikifa, nyingine yabaki. Katika ndege nyingine ndogo mafundi hutumia rilei iliyofungwa kwa springi, na umeme hutumika kuifungua tu wakati wa kupiga starta. Waya wa rilei hiyo ukikatika, redio huendelea kusema. Nadhani hili ni fundisho kubwa: fundi mwema hajiulizi tu kitu kitafanyaje kazi, bali pia kitaharibika namna gani.

Kadhalika, kila waya una sakiti breka yake, ambayo huruka yenyewe umeme ukizidi. Wengi hudhani kazi yake ni kuilinda redio. La, hulinda waya usipate moto. Katika mitaa yetu wapo watu ambao fyuzi ikiungua huweka kipande cha waya mnene, wakafurahi kwamba taa imewaka. Nyumba ikishika moto watu hukimbilia nje. Angani hapana pa kukimbilia. Mwaka 1998 ndege kubwa ya Swissair ilianguka karibu na pwani ya Kanada, wakafa watu wote 229. Wachunguzi walieleza kuwa yamkini moto ulianza kwa cheche za waya juu ya dari.

Basi wenzangu, somo la fizikia si la mtihani tu. Apendaye kazi hii ajue kuwa Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo, hufundisha uhandisi wa matengenezo ya ndege. Nanyi wazazi, mwonapo kijana akifungua redio mbovu kwa uangalifu, msimkemee upesi. Hakikisheni tu kwamba ameichomoa kwanza kwenye umeme.