Somo la Kwanza: Daftari la Matukio na Kina cha Mto Mara

Mto Mara, kabla ya kuingia Ziwa Viktoria, hupita mpakani mwa Wilaya za Tarime na Serengeti. Hapo, mahali paitwapo Mara Mine, pana kituo cha kupimia kina chake. Mvua kubwa ikinyesha katika nyanda za Mau, nchini Kenya, maji huku chini huongezeka baadaye. Vipimo vya kituo humfaa mkazi wa bondeni iwapo tu vitasomwa mapema na kwa mfuatano wake. Kwa mfano wa mto huu tutaeleza chombo cha kompyuta kipokeacho matukio mfululizo.

Chombo hicho huitwa Kafka. Kilibuniwa katika kampuni ya LinkedIn, Marekani, na kutolewa bure kwa umma mwaka 2011. Anayeanza kujifunza na akifikirie kuwa ni daftari. Kila tukio, yaani kipimo kimoja pamoja na saa yake, huandikwa chini ya lililotangulia na kupewa namba. Tukio likisomwa halifutwi. Hukaa hadi muda uliowekwa upite, ambao kwa kawaida ni siku 7. Kila msomaji hutunza namba aliyofikia. Kwa hiyo mtoa tahadhari na mtafiti husoma daftari lile lile, kila mmoja kwa mwendo wake, wala hawazuiani.

Daftari likiwa kubwa hugawanywa katika sehemu. Hapa ndipo wanafunzi wengi hujikwaa: mfuatano hulindwa ndani ya kila sehemu, si baina ya sehemu na sehemu. Tuchukulie kuwa Mara Mine imeleta sentimita 210 saa 2 asubuhi, 230 saa 3 na 260 saa 4. Ikiwa 210 na 260 zimeandikwa katika sehemu ya kwanza, na 230 katika ya pili, msomaji aweza kupokea 210, 260, kisha 230. Asipotazama saa, atadhani mto umeanza kupungua, kumbe unajaa.

Dawa yake ni kukipa kila kipimo ufunguo, yaani jina la kituo kilikotoka. Vipimo vyenye ufunguo mmoja huandikwa katika sehemu moja, maadamu idadi ya sehemu haikubadilishwa.

Zoezi: Chora sehemu mbili karatasini. Andika humo vipimo sita vya vituo viwili, kwanza bila ufunguo, kisha kwa ufunguo. Kila mara mwombe mwenzako asome sehemu moja baada ya nyingine, halafu aeleze hali ya mto katika kila kituo. Linganisha majibu yake.