Mkono wa Mwalimu katika Madarasa ya Chini

Mtoto aingiapo shuleni kwa mara ya kwanza huacha nyumbani mambo mengi, na mojawapo lililo kubwa ni mikono aliyoizoea. Tangu kuzaliwa ameogeshwa, amekandwa kwa mafuta, amebebwa mgongoni kwa kanga, amepakatwa na bibi na kutekenywa na dada zake. Kwa njia hiyo amejifunza, kabla ya kutamka neno lolote, kwamba yuko salama. Sasa anakabidhiwa kwa mtu mzima asiyemjua. Yampasa kila mwanachuo ajiulize kabla ya kwenda kwenye mazoezi ya kufundisha: je, mtoto huyu ataujua mkono wangu kwa jambo gani?

Kwa nini mguso ni muhimu

Mwaka 1958 mwanasaikolojia wa Marekani, Harry Harlow, alitoa taarifa ya majaribio yake kuhusu watoto wa kima waliotenganishwa na mama zao. Waliwekewa sanamu mbili: moja ya waya mtupu, nyingine iliyovikwa kitambaa laini. Hata pale maziwa yalipotoka katika sanamu ya waya, walikwenda huko kunyonya tu, kisha wakarudi kuikumbatia ile ya kitambaa. Walipotishwa, waliikimbilia hiyo hiyo. Majaribio hayo yaliwatesa wanyama wale, lakini yalibomoa dhana kwamba mtoto humpenda mlezi kwa ajili ya chakula peke yake.

Mwaka 1978, mjini Bogotá, Colombia, madaktari walianza kuwaweka watoto njiti kifuani mwa mama zao, ngozi kwa ngozi. Njia hiyo imeenea duniani na hutumika hata katika hospitali zetu. Wataalamu wamegundua pia kwamba ngozi yenye vinyweleo ina mishipa ya fahamu inayoitikia zaidi mguso wa taratibu, wa mwendo wa sentimita 1 hadi 10 kwa sekunde. Huo ndio mwendo wa mkono wa mama anayembembeleza mwanawe.

Kwa mwalimu, somo ni hili: mtoto mwenye hofu hasikii maelezo. Hana budi kutulia kwanza, ndipo ajifunze.

Mambo ya kufanya darasani

*Salamu ya mlangoni.* Simama mlangoni kila asubuhi. Mwache mtoto achague: kupeana mkono, kugonganisha ngumi, kupiga kofi la juu au kupunga tu. Desturi zetu hazikosi mifano. Watoto wa Kimasai huinamisha vichwa ili mkubwa awaguse kwa kiganja, na hata neno shikamoo huelezwa kuwa limetokana na kushika miguu.

*Michezo ya mikono.* Darasa lenye watoto 80 halimruhusu mwalimu kumfikia kila mmoja. Basi watoto wenyewe wafikiane. Katika mchezo wa Ukuti hushikana mikono na kuzunguka. Katika michezo ya makofi hukaa wawili wawili, wakafuata mapigo. Somo la Hesabu nalo laweza kufanywa hivyo: kila mtoto ahesabu vidole vya mwenzake, kimoja hadi kumi, akigusa kila kimoja. Anapata namba na rafiki kwa wakati mmoja.

*Msaada mdogo.* Kufunga kifungo, kuosha goti lililochubuka, kuongoza mkono unaoshika penseli: hayo ni malezi. Chuchumaa uwe sawa na mtoto, umwambie utakalofanya, uone kama ameridhia.

Mipaka isiyovukwa

Mguso wa mwalimu uwe wa wazi, mahali ambapo wengine wanaona; uwe mfupi; uwe kwa haja ya mtoto, si ya mwalimu. Uishie mkononi, begani au mgongoni juu. Asipakatwe wala asiitwe faraghani. Mtoto akikataa, akirudi nyuma au akikakamaa, acha mara moja bila kumlaumu. Kwa kufanya hivyo unamfundisha kwamba mwili wake ni wake, na kwamba anaweza kumkatalia hata mtu mzima. Wafundishe watoto pia kwamba mguso wowote unaoambatana na agizo la kutunza siri lazima usemwe.

Mtoto anayeshtuka kila aguswapo huenda anaumizwa mahali fulani. Usimhoji mbele ya wenzake. Mweleze mwalimu mkuu, na inapobidi taarifa ifike kwa ofisa ustawi wa jamii, Dawati la Jinsia na Watoto la Polisi, au kwa simu namba 116. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamlinda.

Mkono mmoja, kazi mbili?

Wako watoto ambao mwalimu akiinua mkono kuandika ubaoni, wao hukinga vichwa. Hawa wamekwisha kujifunza kazi ya mkono ule, na salamu ya asubuhi haiwezi kufuta kofi la mchana. Mtoto hawezi kuukimbilia na kuukimbia mkono ule ule. Mwalimu anayetaka kuaminiwa ni lazima achague. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.

Mazoezi

1. Chunguza Darasa la Awali kwa siku moja. Andika kila mara mwalimu alipomgusa mtoto, kwa sababu gani, na mtoto aliitikiaje.
2. Kusanya michezo mitatu ya mikono kutoka kijijini kwako. Eleza kila mmoja waweza kusaidia somo gani.
3. Jadilini: mwalimu afanye nini mtoto anapong'ang'ania kanga ya mama yake asubuhi ya kwanza?